Zulia: maji matupu yanaishia wapi, sabuni inaanzia wapi

Vumbi jekundu la kiangazi cha Mbeya linatoka kirahisi likiwa kavu. Ukilimwagia maji linakuwa tope, linazama kwenye shina la nyuzi, na hakuna dawa ya dukani itakayolifuata huko. Kwa hiyo anza kwa kuanika zulia kwenye kamba, lipige fimbo upande wa mgongo, kisha pitisha brashi. Tope la masika nalo liache likauke kabla ya kulipukuta.

Baada ya hapo maji matupu yana nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Chai ya rangi, soda, juisi na mkojo wa mtoto huyeyuka majini, mradi doa ni bichi. Kandamiza kitambaa cheupe kikavu kinyonye, halafu chenye maji baridi, ukitoka ukingoni kwenda katikati. Usisugue, utatanua doa. Kwa damu na maziwa maji ya moto ni marufuku, maana protini itaganda humo humo.

Maji hushindwa na mafuta: mchuzi, mafuta ya kupaka, grisi. Hapo weka sabuni ya maji ya vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita 1 ya maji ya vuguvugu. Kuongeza sabuni hakuongezi usafi. Inayobaki ikikauka hunata na kukamata vumbi, ndiyo maana zulia lililofuliwa kwa povu jingi huchafuka upesi. Ukitaka kuhakikisha, lowesha kidogo sehemu iliyokauka na uifikiche kwa kidole. Ikitoa povu, suuza tena. Sabuni ya unga isiguse zulia la sufu. Klorini nayo haiondoi wekundu wa udongo, ambao ni kutu ya chuma. Itaondoa rangi ya zulia lako, na ikichanganywa na siki hutoa gesi ya sumu.

Juni na Julai, kwa baridi ya Uyole, hapo Mbeya, kukausha ndiko kugumu kuliko kufua. Fua asubuhi, buruza maji yote kwa mpira wa kukaushia sakafu, anika mgongo ukitazama jua, geuza mchana. Mgongo ukibaki na unyevu, zulia linanuka uvundo, na uchafu wa chini hupanda na maji hadi doa lionekane limerudi. Likirudi, lilowanishe kidogo, lifunike kwa taulo jeupe lililokunjwa, uweke kitu kizito juu mpaka asubuhi.