Kabla ya bomba la gesi, anza na tanuri la korosho

Wanafunzi wa uhandisi wa huku kwetu Mtwara na Lindi wakinitafuta kuhusu utafiti wa mifumo ya udhibiti, wengi huja na wazo lilelile: akili mnemba kwenye bomba la gesi. Nawaelewa. Ukikulia upande wa Madimba, kwenye kiwanda cha kuchakata gesi, ukajua bomba lile linakwenda mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, lazima utamani kulishika. Ila hakuna atakayekuruhusu ufunge vali ili uone presha inafanyaje. Utaishia kwenye simulesheni, mfano wa kompyuta tu, na simulesheni haina ubishi. Inakubali kila ulichoiambia.

Tafuta mfumo mgumu ambao mwenyewe atakuruhusu kuugusa. Mimi nilifanyia kazi tanuri la kukaushia korosho kwenye kiwanda kidogo cha kubangua. Usilidharau. Korosho ikishabanguliwa inabaki na ngozi nyembamba, na inakaushwa ili ngozi hiyo itoke. Joto likiwa dogo, ngozi inang'ang'ania. Likizidi, punje inababuka, au inavunjikavunjika wakati wa kumenya, na bei nzuri iko kwenye punje nzima. Trei za chini hazikauki sawa na za juu. Mzigo wa mwanzo wa msimu, Oktoba, si sawa na ule uliookotwa mvua zikishaanza. Na moto wenyewe ni wa maganda ya korosho, yamejaa mafuta: unaongeza sasa, joto linakuja kupanda ukiwa umeshahamia shughuli nyingine. Uchelewaji huo ndio unaosumbua vidhibiti vingi, yaani vifaa na programu za kuendesha mfumo, huku watu wanahangaika na fomula.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga sensa yoyote, kaa na anayeliendesha. Mama aliyelisimamia tanuri lile hakuwa na kipimajoto. Alikuwa anavuta trei ya katikati, anachukua punje moja, anaisugua kwa kidole gumba, anapuliza. Ngozi ikiruka, anabana hewa. Nikamuuliza anajuaje saa ya kuzungusha trei. “Mwanangu, tulia hapo, harufu itakwambia.”

Maneno ya namna hiyo yaandike yote. Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa Tanzania, akiwa London na mwanafunzi wake Assilian, walichapisha mwaka 1975 kazi ya kuendesha injini ndogo ya mvuke kwa kanuni za aina hiyohiyo: kama presha imepungua kidogo na inazidi kushuka, ongeza moto kidogo. Hisabati ya “kidogo” na “sana”, inayoitwa fuzzy kwa Kiingereza, ilikuwa imeshawekwa na Lotfi Zadeh mwaka 1965. Nashangaa jina la Mamdani halitajwi zaidi madarasani kwetu.

Halafu usikimbilie mitandao ya neva, zile programu zinazojifunza zenyewe kutokana na data. Anza na kidhibiti cha kawaida cha PID, kinachorekebisha kwa kuangalia kosa la sasa, lililokwisha kujikusanya na linavyobadilika, kiongoze feni ya kupeleka hewa kwenye moto. Badilisha kasi ya feni mara moja, usiguse kingine, rekodi joto mpaka litulie. Grafu hiyo itakuonyesha uchelewaji ni kiasi gani. Ile njia ya Ziegler na Nichols ya 1942 ya kurekebisha PID kwa kuuyumbisha mfumo kwa makusudi iache, maana korosho zilizomo ndani ni za mtu. Kidhibiti chako cha akili mnemba kikishindwa kuizidi PID kwa idadi ya punje nzima, andika hivyo kwenye ripoti. Msimamizi wako akinuna, mwonyeshe trei.

Yapo pia mambo ambayo vitabu vinayapita juujuu. Hewa ya chumvi inakula viungio vya nyaya. Waya wa sensa ukiachia, programu isome kuwa ni hitilafu, isidhani tanuri limepoa ikazidisha hewa. Umeme ukikatika feni inasimama, moto hausimami. Ukirudi, programu isianze kuhesabu kana kwamba mzigo umeingia sasa hivi. Ipime joto kwanza. Na swichi ya kuendesha kwa mkono iwekwe mahali ambapo yule mama anaifikia bila kukupigia simu.