Umebadili prosesa, kompyuta haiwaki? Usikimbilie kununua mazabodi

Umefunga prosesa mpya kwenye kompyuta ya mezani, ukabonyeza swichi. Feni zinazunguka, taa imewaka, skrini nyeusi. Hapa Dodoma utaambiwa haraka, "Mazabodi imeungua hiyo," yaani bodi kuu inayobeba prosesa. Mara nyingi si kweli, na inaniuma kuona mwanafunzi wa UDOM anatoa hela ya matumizi kununua mazabodi nyingine wakati yake ni nzima.

Anza kwa kurudisha prosesa ya zamani. Ndiyo maana nasisitiza usiiuze wala usimwachie fundi mpaka mpya ikubali. Kompyuta ikiwaka na ile ya zamani, yanabaki maswali mawili: mazabodi inaitambua prosesa mpya? Na imekaa sawasawa?

La kutambua ndilo linalonasa wengi. Kompyuta nyingi tunazonunua ni za mtumba, zilizokwisha kutumika maofisini huko nje. Chukua Dell OptiPlex 790 ya mwaka 2011, yenye soketi (tundu la kukalia prosesa) ya LGA1155. Prosesa ya Intel, Core i7-3770 iliyotoka 2012 nayo ni LGA1155, inaingia bila ubishi, lakini ni ya kizazi cha tatu, na mashine hiyo haikuandaliwa kwa kizazi hicho. Kijana mmoja wa Makole aliniletea ya namna hiyo: "Kaka, muuzaji kasema soketi ni moja." Ni moja kweli. Tulipoweka i7-2600, ya kizazi cha pili, picha ikaja. Angekuwa na OptiPlex 7010, hiyo 3770 ingefanya kazi. Mtego kama huo upo kwenye LGA1151: Core za kizazi cha nane haziwaki kwenye mazabodi zenye chipseti ya H110 au B250, ingawa zinaingia.

Kwa prosesa za AMD, mshindani wa Intel, hali ina nafuu. Mazabodi ya B450 inaweza kuipokea Ryzen 5 5600, ila BIOS ya zamani, yaani programu ya kuwashia iliyo ndani ya mazabodi, haiijui. Rudisha prosesa ya awali, pakua BIOS mpya ya modeli yako hasa kutoka tovuti ya mtengenezaji, weka kwenye flashi, sasisha. Tumia UPS, umeme ukikatika katikati, hapo ndipo mazabodi itakufa kweli. Na 5600 haina grafiki ndani yake: bila kadi ya grafiki, skrini itabaki nyeusi hata kama kila kitu ni kizima.

Ikiwa inatambulika na bado haiwaki, fungua uangalie pini. Kwa Intel hizi ziko kwenye soketi, kwa AMD ya soketi ya AM4, kama hiyo 5600, ziko chini ya prosesa yenyewe. Zima taa ya chumba, mulika na tochi ya simu kwa ubavu. Pini nzima zinameta kwa mstari mmoja. Iliyopinda inameta peke yake, au haimeti kabisa. Inyanyue taratibu kwa ncha ya sindano.

Kazi hii usiifanyie barazani, hasa miezi ya kiangazi. Upepo wetu unaleta vumbi jekundu mpaka ndani ya soketi, na hewa kavu inazalisha cheche mwilini, kwa hiyo gusa bati la kasha kabla ya kushika chochote. Kagua pia waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini nne au nane, maana husahaulika sana. Chomoa kompyuta ukutani, toa betri ya duara ya CR2032 iliyo kwenye mazabodi kwa dakika chache ili mipangilio ya BIOS ijifute, rudisha, jaribu tena.

Kama ndiyo kwanza unataka kununua, soma namba ya modeli iliyoandikwa kwenye mazabodi, tafuta orodha ya prosesa zake kwenye tovuti ya mtengenezaji, kisha mwombe muuzaji aiwashe hiyo prosesa mbele yako kabla hujatoa hela.