Maswali ya Wasomaji: Maabara Nzima Imepata 9.81

SWALI: Ndugu wahariri, nasimamia maabara ya fizikia ya mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Jaribio la pendulamu linafanywa kwa uzi, gololi na stopwachi za mkononi, lakini ripoti karibu zote zinaleta g (mchapuko wa uvutano wa dunia, kwa mita kwa sekunde mraba) ya 9.81 kamili. Najua wanapika namba. Niwabane vipi?
Mkufunzi msaidizi

JIBU: Ndugu mkufunzi, hiyo 9.81 ni ya London na Paris. Dunia imetuna kidogo kwenye Ikweta, tena inazunguka, kwa hiyo huku kwetu uvutano ni hafifu zaidi. Dar es Salaam, usawa wa bahari, g ni takriban 9.78. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, inashuka hadi karibu 9.775. Mwanafunzi wako aliyepata 9.81 kamili huenda ameinakili kitabuni.

Lakini kabla ya kumbana, angalia unavyosahihisha. Kama alama zinatolewa kwa kukaribia jibu la kitabu, atapika tu. Toa alama kwa vipimo ghafi vilivyoandikwa kwa kalamu ya wino na kusainiwa na wewe kabla hajatoka maabara, kwa grafu, na kwa makadirio ya kosa. Jibu lenyewe lisiwe na alama hata moja.

Kisha boresha jaribio, maana kwa vifaa ulivyo navyo tofauti ya 9.78 na 9.81 (asilimia 0.3) inaweza kupotea. Pendulamu ya mita 1 hutumia sekunde 2.01 kwenda na kurudi. Ukihesabu mabembeo 20 unapata sekunde 40.2, na kidole kikichelewa sekunde 0.2 hilo ni kosa la asilimia 0.5 kwenye muda. Kwa kuwa muda unazidishwa kwa wenyewe, kwenye g linakuwa asilimia 1, yaani 0.1 nzima. Jibu la haki hapo ni 9.8 ± 0.1, basi. Wahesabu mabembeo 50, warudie mara 5, wachukue wastani: kosa linashuka hadi kama 0.02, na hapo Dar es Salaam inaanza kujitenga na London.

Uzi ubanwe kati ya vipande viwili vya kizibo cha koki. Usizungushwe kwenye fimbo ya stendi, kwa sababu utajikunja na kujikunjua na urefu utabadilika kila bembeo. Urefu upimwe gololi ikiwa tayari inaning'inia, kwa kuwa uzi hunyooka ukibeba uzito. Gololi ivutwe pembeni isizidi sentimita 10 kwa kila mita ya uzi. Stopwachi ibonyezwe gololi inapopita katikati, mbele ya alama ya chaki, wala si inapofika ukingoni: kule inakwenda taratibu mno na jicho halijui imesimama lini. Wachukue urefu 6, kuanzia sentimita 40 hadi 120, wachore muda mraba wa bembeo moja dhidi ya urefu. Mteremko ni 4π² ukigawa kwa g, kwa hiyo hapo Dar utegemee karibu 4.04.

Makosa nayo yana sura zake, ukizizoea utamsaidia mwanafunzi bila kumtuhumu. Aliyepata kama 10.8 alisema "moja" wakati wa kuanza badala ya "sifuri", akapima mabembeo 19 akidhani ni 20. Aliyepata 9.45 alivuta gololi nyuzi 30. Ambaye mstari wake haupiti kwenye sifuri bali unakata juu kidogo, alipima hadi kichwa cha gololi badala ya kitovu chake. Huyo usimkate sana, mteremko wake bado ni sahihi. Hapo ndipo grafu inapoishinda hesabu ya kipimo kimoja.

SWALI: Kila wiki fyuzi za multimita zinaungua katika maabara ya umeme. Tumenunua nyingi mno.
Fundi sanifu, Morogoro

JIBU: Wanapima mkondo, kisha wanataka volti na kuhamisha nyaya kwenye sakiti bila kuhamisha plagi kwenye mita. Tundu la ampea lina ukinzani mdogo sana, hivyo mita ikiwekwa sambamba na betri ni sawa na kuunganisha ncha mbili kwa waya mtupu. Agiza waya chanya uchomolewe kwenye tundu la mA (miliampea) mara tu kipimo kinapoisha, na betri iunganishwe mwisho, baada ya msimamizi kukagua. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa ya ampea ileile. Kipande cha waya au karatasi ya fedha ya sigara kisiingie humo kamwe: mara nyingine ni mita itakayoungua, au mkono wa mtu.