"Unakili" au "unanakili"?

Swali: Nafunza vijana kompyuta huku Tudor, Mombasa. Nimewaandikia maelezo mafupi ya Vim, ile programu ya kuandikia ambayo kazi yote ni ya kibodi, mausi haiguswi. Niliandika, "Ukibonyeza yy unakili mstari mzima." Mwenzangu kasahihisha akaweka "unanakili". Naona hiyo na moja imezidi. Nani kapata? Na je, y niiite "vuta", kama lilivyo neno lake la Kiingereza, yank?

Jibu: Kapata mwenzako. Kitenzi ni nakili, kimetoka Kiarabu, na ndugu yake ni nakala. Kipeleke wakati uliopita: "alinakili". Hakuna anayesema "alikili". Kwa hiyo na ya kwanza ni ya wakati, ya pili ni ya kitenzi chenyewe.

Nadhani anayetuponza ni kiri. Mwanafunzi aliyeshikwa kwenye mtihani anakiri kwamba alikuwa ananakili. Ukilisema hilo mbiombio, na moja lazima ianguke.

"Unakili" lipo, ila kazi yake ni kuagiza: "Weka kielekezi kwenye mstari wa kwanza, ubonyeze 3yy, unakili mistari mitatu." Tazama "ubonyeze": e ya mwisho yajitangaza yenyewe. Vitenzi vya asili ya Kiarabu kama hiki havibadiliki mwisho, basi nakili hakitoi dalili yoyote, na msomaji hajui kama unamweleza au unamwamuru.

Kwa kuwa uko Mombasa, njia nyingine unayo: "Wabonyeza yiw, wanakili neno moja." Ni u na a zilizoungana, kama tuulizavyo "wataka nini?" Mimi nyumbani husema hivyo hivyo. Lakini kijana aliyetoka bara aweza kudhani ni wao wanaonakili, kwa hivyo kwenye maelezo ya darasani andika "unanakili".

"Vuta" liache. Hata waundaji wa programu wenyewe hawajapatana: yank kwenye Vim ni kunakili, kwenye Emacs, programu nyingine ya kuandikia, ni kubandika! Sema y ni nakili, p ni bandika. Na d, ambayo wengi huiita "futa", iite "kata". Kata mstari kwa dd, shuka mistari miwili, bonyeza p: mstari wako huo hapo, chini ya kielekezi.