Kuweka seti za LEGO stoo hapa Mwanza ili uuze baadaye

Kaka, umeuliza kama laki nane uiweke kwenye seti za LEGO, yale maboksi ya vitofali vya plastiki vya kuchezea na kuunganisha, uzifungie Nyegezi mpaka zipande bei. Seti hupanda kiwanda kikiacha kuitengeneza, ni kweli, ila wanaweza kuirudisha. Seti ya Taj Mahal ya 2008 (namba 10189) ilikuwa inauzwa bei ya kutisha, 2017 wakatoa nyingine, namba 10256, karibu ileile, na waliokuwa wameficha maboksi bei ikawashukia. Halafu mnunuzi wa hizi anataka boksi lisilofunguliwa, kona hazijabonyea. Kwa unyevu wa ziwani, karatasi inalegea na kuota madoa. Na mnunuzi mwenyewe yuko Ulaya au Marekani, nauli ya boksi kubwa kama begi la safari inakula faida yote.

Mimi ningepita soko la Mlango Mmoja, kwenye marobota ya midoli ya mtumba. Geuza kila kipande: orijino ina neno LEGO juu ya kila kinundu, herufi ndogo mno, washa tochi ya simu. Vijisanamu vya watu weka pembeni, vyepesi kusafirisha na vina wateja wake. Mabaki uza kwa kilo kwa shule za chekechea.