Makosa ya kidato cha pili: je, mwanangu anarudi nyuma?

SWALI: Mhariri, mwanangu alimaliza darasa la saba katika shule ya serikali, na daftari lake la Kiingereza lilijaa alama za vema. Aliandika: "My father is a farmer. He has cashew trees." Sasa yupo kidato cha pili na insha zake zimejaa wino mwekundu. Juzi ameandika: "My father who he has many cashew trees he did not went to the farm because the rain it was heavy." Je, Kiingereza chake kinashuka?
Mzazi, Newala, Mtwara

JIBU: Ndugu mzazi, hakishuki, na ningependa uziweke sentensi hizo kando kwa kando uone mwenyewe. Za darasa la saba zina maneno matano na manne, na kila moja inasema jambo moja tu. Hii ya sasa ina maneno 21; ndani yake kijana amemweleza baba, amesimulia tukio lililopita na ametoa sababu yake, yote kwa pumzi moja.

Mwaka 1965 mtafiti wa Marekani, Kellogg Hunt, alichunguza maandishi ya wanafunzi wa darasa la 4, la 8 na la 12, akihesabu maneno ya kila kishazi kikuu, yaani sehemu ya sentensi inayojitegemea, pamoja na vishazi tegemezi vyake. Wastani ulipanda kutoka maneno 8.6 hadi 11.5, kisha 14.4. Hao walizaliwa na Kiingereza, ilhali mwanao amesoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yakageuka kuwa ya Kiingereza.

Makosa yake, nayo, yana mantiki. Katika "did not went" ameonyesha wakati uliopita mara mbili, jambo ambalo asiyelijua umbo "went" asingeweza kulifanya. Katika "the rain it was" amebeba kiambishi cha ngeli cha Kiswahili, kwa kuwa sisi husema mvua ilikuwa kubwa, na hiyo "i" haiachwi. Baadaye, akiendelea kusoma na kuandika kwa wingi, ataanza kufupisha tena, lakini kwa ustadi: sababu nzima itaingia katika "because of the heavy rain".

Mwombe mwalimu wake, mkikutana kikao cha wazazi, asahihishe kwa ukamilifu aina moja au mbili za makosa katika kila insha, kisha kijana aiandike upya insha ileile. Nyumbani mwache akusomee kwa sauti, hata kama wewe hukisomi Kiingereza, kisha akueleze kwa Kiswahili alichokusudia. Kitakachonitia wasiwasi mimi ni akirudi kwenye sentensi za maneno manne kwa kuogopa wino mwekundu. Ukiliona hilo, mwone mwalimu mapema, kabla ya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili.