Siri imevuja sura ya tatu, nifanyeje?

SWALI: Naandika riwaya ya kifantasia yenye giza. Mji wa kubuni wa pwani, enzi za majahazi, unaendeshwa na wanawake saba wa kilinge kimoja. Sultani ni jina tu. Msichana anaingizwa kilingeni akiamini mama yake alikufa kwa homa, kumbe kungwi wake ndiye aliyemtoa kafara kwa pepo. Waliosoma mswada wamemgundua muuaji huyo sura ya tatu tu kati ya 24, na wanasema mwishoni uchawi unamaliza kila kitu kirahisi. Nianze kurekebisha wapi?

JIBU: Anza na pepo. Anapokea kafara, lakini aliyeitoa hapungukiwi na kitu, ndiyo maana mwishoni anatatua lolote. Mpangie bei ya mwilini, ionekane kabla haijaeleweka. Tuseme kila atoaye kafara, ulimi wake husahau chumvi. Sura ya 2 kungwi anaonja mchuzi, anaongeza chumvi, anaonja, anaongeza tena. Mgeni anakula tonge moja na kuomba maji. Lifiche hilo katikati ya aya inayohusu jambo jingine, mathalani posa. Ukiliweka mwisho wa aya umelipigia msondo. Bei yenyewe itajwe sura ya 10 hivi, na kabla ya hapo awepo bibi mwingine wa kilinge asiyesikia ladha ya chumvi kwa sababu ya uzee tu.

Siri inavuja pia kwa usimulizi. Msimulizi wako maizi anaingia vichwani mwa wote, kisha kwa kungwi ananyamaza ghafla. Msomaji ananusa hapohapo. Msimulizi akae begani kwa msichana tangu mwanzo, asijue zaidi yake.

Kisha chora jedwali la safu nne: nani anajua, tangu sura ipi, anadanganya nini, atapoteza nini ikifichuka. Wote saba wakijua sawa, hakuna wa kumshika mwenzake. Wawili wajue yote, watatu wajue kipande, wawili wasijue lolote. Hapo ndipo mamlaka yalipo, kwenye nani ana siri ya nani.

Upeo usimwachie pepo. Msichana apike mchuzi wa chumvi isiyolika, awaandalie saba. Wawili watakula bila kukunja uso, na mmoja hana hatia. Achague yupi.

SWALI: Je, nitumie majina ya pepo wanaojulikana, na nyimbo za unyago nilizofundishwa?

JIBU: Nyimbo hapana, zinafundishwa kwa walioingia, si kwa mnunuzi wa kitabu. Kibuki nayo ni ngoma ya pepo yenye wenyewe Unguja hadi leo. Buni pepo wako, umpe jina, rangi na chakula chake. Ila usiifanye ajabu ya riwaya iwe mwanamke kutawala: Unguja ilikuwa na Malkia Fatuma mwishoni mwa karne ya 17, na msomaji wa pwani anajua.